Injini Inayozimwa Makusudi

Watu wakijua kwamba kazi yangu ni kufundisha urubani hapa Mombasa, swali la kwanza huwa lile lile: huogopi mwanafunzi akikosea? Jibu langu huwashangaza. Makosa ya mwanafunzi mara nyingi nayaona yakija, maana nimeyaona kwa waliomtangulia. Yanayoninyima usingizi ni yale ninayoyafanya mimi mwenyewe, kwa makusudi na kwa mpango. Mimi ndiye ninayeondoa pawa ndege ikiwa juu ya mashamba ya mkonge ya Vipingo na kumwambia kijana, "Injini imekufa, fanya kazi yako." Mimi ndiye ninayemwambia avute pua juu mpaka mabawa yaache kubeba na ndege ianze kuporomoka. Abiria wa kawaida hulipa nauli ili mambo kama hayo yasitokee. Mwanafunzi wangu hulipa ili yatokee.

Huwezi kumfundisha mtu kuponyoka hatari bila kumwonjesha, na huwezi kumwonjesha bila kuisogeza karibu. Kwa hivyo kazi ya usalama kwenye mafunzo, ukiacha fomu na mihuri, naiona ni kuamua mambo mawili kabla hamjaacha ardhi: uigizaji unaishia wapi, na nani ana haki ya kuukatiza.

Waliotutangulia walijifunza hili kwa gharama kubwa. Usiku wa tarehe 30 Machi 1967, ndege kubwa aina ya DC-8 iliruka New Orleans, Marekani, kwa ajili ya mafunzo tu, bila abiria hata mmoja. Zoezi lilikuwa kuukaribia uwanja huku injini 2 kati ya 4 zikihesabiwa kuwa zimekufa. Mwendo ukashuka kupita kiasi, ndege ikaanguka kwenye nyumba na hoteli jirani. Watu 6 waliokuwa ndani walikufa wote, na wengine 13 waliokuwa chini wakafa nao, watu waliolala vitandani mwao bila kujua kwamba juu yao kuna darasa. Dharura waliyokuwa wakiishughulikia ilikuwa ya kuigiza.

Ajali za namna hiyo ndizo zilizoyasukuma mashirika makubwa kuhamishia mazoezi mabaya kwenye simuleta. Leo rubani mzoefu anaweza kupewa kibali cha kurusha aina mpya ya ndege bila kuigusa yenyewe. Moto, moshi, injini kufa wakati wa kupaa, vyote vinafanyika ndani ya boksi lililofungwa kwenye sakafu ya jengo, na ukianguka unabonyeza kitufe mnaanza upya. Sisi wa Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, hatuna anasa hiyo. Zipo mashine za mezani za kufundishia vyombo na redio, na zinasaidia sana, lakini tumbo la mwanafunzi halijui maana ya kuanguka mpaka lianguke.

Basi tuseme tuko juu ya Vipingo, futi 3,000, asubuhi. Kwanza napasha kabureta moto, kisha ndiyo napunguza pawa mpaka mwisho. Propela inaendelea kuzunguka kivivu mbele yetu. Mwanafunzi anatakiwa ashushe pua, ashike mwendo wa kama maili 65 za baharini kwa saa, achague mahali pa kutua, atafute kilichoiua injini, aigize kuita kwa redio. Kila futi 1,000 anazopoteza zinamsogeza mbele chini kidogo ya kilomita 3, kama hakuna upepo. Hesabu yenyewe si ngumu. Ugumu ni kuifanya huku kimya cha injini kikikuingia masikioni.

Kwa nini kabureta, pale hewa inapochanganyika na petroli, kwanza? Hapa wanafunzi wa Pwani hucheka: barafu, Mombasa? Ndiyo, Mombasa. Hewa ikipita kwenye koo jembamba la kabureta hupoa, na petroli inapogeuka mvuke huipoza zaidi. Joto la humo ndani linaweza kushuka kwa nyuzi 20 na zaidi. Hewa yetu imebeba maji mengi, shati lako la saa tatu asubuhi ni shahidi. Maji yale hugandia humo humo, na pawa ikiwa chini ndipo yanapoganda kwa urahisi. Yaani zoezi la kuigiza injini iliyokufa ndilo linalotengeneza mazingira ya injini kufa kweli. Mwalimu asiyejali anaporudisha pawa akiwa chini sana, injini inakohoa mara mbili na kunyamaza, na sasa kuna wanafunzi wawili kwenye ndege. Ndiyo maana kila tukiteremka futi 500 hivi nafungua pawa kidogo, naisikiliza, naifunga tena. Zoezi linaharibika ladha kidogo. Wacha liharibike.

Jicho la mwanafunzi anayetafuta pa kutua hapa kwetu hukimbilia ufukweni. Mchanga mrefu, mweupe, unaonekana kama umetandikwa kwa ajili yake. Namuuliza: maji yako wapi? Mtoto wa mvuvi atanijibu bila kufikiri; mtoto wa bara atanitazama. Wakati wa bamvua tofauti ya maji ya kupwa na ya kujaa kwenye pwani hii hupita mita 3. Ufuo ulioruka ukiuona mpana kama uwanja wa mpira, ukirudi saa sita baadaye umebaki ukanda mwembamba wenye minazi upande mmoja na mawimbi upande wa pili. Kwa hivyo kwenye karatasi ya maandalizi ya safari, karibu na hali ya hewa, nimeongeza mstari wa maji kupwa na maji kujaa. Sijauona kwenye kitabu chochote cha urubani.

Halafu kuna watu. Ufuo wetu haukosi watu: wavuvi, watoto wa mpira, ngamia na mwenye ngamia. Tarehe 10 Januari 2025, Cessna 172 ilianguka Kwa Chocha, Malindi, kando ya barabara ya Mombasa. Waliofariki walikuwa watu watatu waliokuwa chini, kwenye shughuli zao. Tangu hapo sikubali jibu la mwanafunzi anayeniambia "nitatua barabarani" kana kwamba barabara ya Malindi ni mali ya ndege. Mkonge una miiba na utaivunjavunja ndege, lakini haujawahi kubeba mtoto mgongoni.

Zoezi hilo lina sakafu. Kwangu, juu ya Vipingo, ni futi 500 kutoka ardhini: altimita, kipimo cha kimo, ikifika hapo pawa inarudi, iwe kijana amelipata shamba au amelikosa. Tunakubaliana chini, kabla ya safari, na anaiandika mwenyewe kwenye karatasi iliyofungwa pajani. Kuna sakafu nyingine ya zoezi la stoli, pale bawa linapoacha kubeba. Viwango vya Marekani vinataka ndege ya injini moja iwe imeshatengemaa kabla ya kushuka chini ya futi 1,500, na mimi naongeza yangu juu ya hizo. Najua walimu wenye sakafu tofauti na sina ugomvi nao. Nina ugomvi na asiyekuwa nayo, au aliye nayo kichwani tu.

Maana sakafu haivunjwi na mwanafunzi mbovu. Mbovu unamkatiza mapema. Sakafu huvunjwa na mwanafunzi anayefanya vizuri. Ameshika mwendo, shamba amelipata, mduara umekaa sawa, na moyo wa mwalimu unajaa fahari. Anasema kimoyomoyo: anafanya vizuri, acha tuone angefika. Sijui sentensi ya hatari zaidi kwenye kazi hii. Futi 500 zinakuwa 300, kisha kuna waya wa umeme ambao haukuonekana kutoka juu.

Kwa hiyo nani amkatize mwalimu? Hapa ndipo mambo yetu ya nyumbani yanapoingia. Pwani tunalelewa kwa adabu. Mkubwa akisema, mdogo anasikiliza. Ukiona mkubwa anapotoka, unatafuta namna ya kumfikishia kwa kuzunguka, na ikiwezekana unamtuma mtu. Ndani ya Cessna hakuna wa kumtuma.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa Likoni, kijana mtaratibu, mwenye mkono mzuri kuliko wengi. Akikutana nami Marikiti ananiamkia shikamoo kabla sijamwona. Tukiwa juu, kila neno langu alilijibu "ndiyo, mwalimu". Nikaona hapa pana kazi. Siku moja tulikubaliana chini kwamba sakafu ya leo ni futi 1,500, juu sana kwa zoezi lile, na yeye ndiye mlinzi wake. Ikifika aseme "basi" na kurudisha pawa mwenyewe. Sikumwambia kwamba nimenuia kuipita.

Tulipofika 1,500 nikatazama dirishani kama mtu aliyesahau. Nikamwona kwa pembe ya jicho akiitazama altimita, akinitazama, akiitazama tena. 1,400. Mkono wake ukaondoka pajani, ukasimama hewani. 1,300. Kisha sauti ndogo: "Mwalimu, samahani... nafikiri tumepita."

Nikarudisha pawa, tukapanda. Nikamwambia, "Hiyo samahani imetugharimu futi 200. Iache nyumbani."

Tulirudia. Mara ya pili alisema "basi, mwalimu", bado na heshima zake, lakini kwa wakati. Ya tatu alisema "basi!" na mkono wake ukaufikia wenzo wa pawa kabla ya wangu. Jioni, tulipokuwa tunafunika ndege, aliniomba radhi kwa kunikemea. Nikamwambia akinikemea hivyo kila siku nitamwombea dua. Mzee wake, niliyekuja kukutana naye baadaye, hakupendezwa na habari ile hata kidogo. Aliniambia mwalimu akijibiwa na mwanafunzi, elimu imekwisha. Tulikunywa kahawa, tukakubaliana kutokubaliana.

Jambo la pili tunalolihimiza mpaka linachosha ni kupokezana usukani. Ndege ya mafunzo ina usukani pande zote mbili, na zipo ajali ambazo kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayeirusha. Au kinyume chake, wote wawili wanavuta. Utaratibu ni wa kauli tatu: anayetoa anasema ni wako, anayepokea anasema ni wangu, aliyetoa anathibitisha kwa macho na kwa mdomo. Kwenye redio na vyombo tunatumia Kiingereza kama dunia nzima, lakini kauli ya kukatiza zoezi nimeiacha kwa Kiswahili, na iko moja zaidi: "hii ni kweli". Injini ikigoma kikweli katikati ya kuigiza, mwanafunzi hana njia ya kujua. Anadhani mwalimu amezidisha ufundi leo. Kauli hiyo ikitoka, mchezo umekwisha na ninairusha mimi.

Kwenye ndege za injini mbili mambo hubadilika sura. Watu hudhani injini ya pili ni bima. Ikikata moja karibu na ardhi, ile nzima inavuta upande mmoja, na chini ya mwendo fulani, ambao kwenye kipimamwendo umewekewa mstari mwekundu, usukani hautoshi kuizuia ndege isijipindue. Mwalimu anayeigiza kukata injini punde tu baada ya kupaa anaucheza mchezo huo pembeni mwa mstari ule. Darwin, Australia, tarehe 22 Machi 2010, ndege aina ya Embraer Brasilia iliruka kwa mafunzo na ukaguzi, injini moja ikaigizwa kufa, na marubani wote wawili wakafa. Wachunguzi walionyesha kwamba pawa ya injini ile ilishushwa mpaka mwisho kabisa, badala ya kiwango kinachofanana na propela iliyogeuziwa makali yake kwenye upepo. Propela iliyoachwa hivyo hugeuka kuwa breki. Walikuwa wakiigiza hitilafu mbaya kuliko ile ya kweli. Hilo tu lilinitosha kuamini kwamba mwalimu anahitaji mafunzo ya kuigiza dharura, mbali na mafunzo ya kuitatua.

Sasa turudi uwanjani kwetu. Njia kubwa ya kurukia ya uwanja wa Moi, 03/21 (tarakimu ni za dira, moja kwa kila upande), ina urefu unaopita kilomita 3, imelala kaskazini mashariki kwa kusini magharibi. Majira ya kaskazi upepo unakuja karibu sawasawa na njia, na mwanafunzi anajiona bingwa. Ikiingia kusi, upepo unatoka kusini na kusini mashariki, tunatua kwa 21 na unatupiga ubavu wa kushoto. Hapo ndipo ubingwa unapopimwa. Kijana aliyeanza mafunzo Januari na kupata mkono wake kwenye kaskazi, ukimwachia aruke peke yake katikati ya Julai kwa sababu kitabu kinasema saa zake zimetimia, umemtuma kwenye bahari asiyoijua. Ipo njia fupi ya 15/33 inayoukabili kusi vizuri zaidi, lakini ufupi wake nao una masharti yake.

Uwanja huo tunaugawana na majitu. Ndege za watalii kutoka Ulaya, za mizigo, na zile za kwenda na kurudi Nairobi siku nzima. Jitu likipita linaacha nyuma yake vimbunga viwili, kimoja kila ncha ya bawa, visivyoonekana, vinavyoshuka taratibu. Fort Worth, Marekani, tarehe 30 Mei 1972, ndege ya DC-9 iliyokuwa kwenye safari ya mafunzo na ukaguzi ilikuwa ikitua nyuma ya DC-10 iliyo kubwa zaidi, ikapinduliwa, na wote wanne waliokuwa ndani wakafa, mkaguzi wa serikali akiwa mmoja wao. Kama DC-9 ilipinduliwa, Cessna ni nini? Siku hizi ndege nyepesi inayotua nyuma ya ndege nzito hupewa dakika 3. Wanafunzi huona ni nyingi, hasa wanapokumbuka kwamba saa inalipiwa. Nami huwaambia wachunge zaidi siku ya upepo mwepesi wa ubavuni, ule ambao bendera haijui ielekee wapi: kimbunga cha upande unaotoka upepo hubaki kimesimama palepale juu ya njia, badala ya kupeperushwa. Dawa nyingine ni kutazama jitu lilipogusa ardhi, kukaa juu ya njia yake, na kugusa mbele ya hapo. Kilomita 3 zinatosha wote.

Na kutazama nje. Tarehe 5 Machi 2024, Nairobi, Cessna 172 ya mafunzo iligongana angani na Dash 8, ndege ya abiria iliyokuwa imetoka uwanja wa Wilson kuja huku kwetu Diani ikiwa na watu 44. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Mwalimu na mwanafunzi wake walifariki. Kwa sisi wa Pwani ile haikuwa habari ya mbali. Dash 8 za Diani tunazisikia redioni kila siku, sauti za marubani wake tunazijua. Ndege ya mafunzo ina ugonjwa wake: watu wawili, na wote wawili macho ndani, mmoja anaonyesha kidole kwenye saa, mwingine anafuata kidole. Nikitaka kueleza kitu kirefu siku hizi, namwachia mwanafunzi arushe ndege kwa utulivu na kutazama nje, au nanyamaza mpaka tutue. Maneno yangu mengi hayana haraka kama nilivyokuwa nikidhani.

Fomu nitazipitia upesi. Tangu 2013 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lina kiambatisho kizima cha usimamizi wa usalama, cha 19, na jedwali lake maarufu: uwezekano wa jambo kutokea kuanzia 1 hadi 5, ukali wa matokeo kuanzia A hadi E, na 5A haifai kuguswa. Ni chombo kizuri kikijazwa na mtu anayefikiri. Nimeona kikijazwa tarakimu zile zile siku ya shwari na siku ya kusi kali, kwa mwandiko ule ule, kabla ya mtu kutoka nje kutazama mawingu.

Mtihani una hatari zake ambazo jedwali halizishiki. Mtahini ametoka Nairobi kwa ndege ya asubuhi, tiketi yake ya kurudi ni ya jioni, ada imelipwa, na mama mzazi ameshapiga simu kuuliza kama mtoto amefaulu. Mawingu yamekaa juu ya Shimba Hills. Kila mmoja anataka safari ifanyike na hakuna anayesema uongo. Mawingu tu ndiyo yanayoonekana mepesi kuliko yalivyo. Kwa hiyo mipaka tunaiandika usiku wa kuamkia mtihani, mtahini akiwa bado Nairobi: wingu lisishuke chini ya futi kadhaa, upepo wa ubavuni usizidi maili 10 za baharini kwa saa, ingawa Cessna 172 imeonyeshwa kuhimili 15. Asubuhi hatujadiliani, tunasoma tulichoandika.

Na kabla injini haijawashwa, mwanafunzi amuulize mtahini waziwazi: hitilafu zipi utaniigizia, na kikitokea cha kweli nani anashika? Watahini wazuri hulisema wenyewe kabla ya kuulizwa. Mtahini aliyekaa kimya na kalamu yake ana uzito wa ajabu ndani ya chumba kile. Mwanafunzi anayatafsiri macho yake, anasubiri idhini ambayo haitatolewa, anaendelea kukaribia njia vibaya kwa sababu anadhani kurudi juu na kuanza upya kutamfelisha. Huwaambia wanafunzi wangu, na nimewasikia watahini wakisema hivyo hivyo, kwamba aliyeghairi kutua kwa wakati ameonyesha urubani.

Anayefanyia mtihani Wilson ana somo la ziada. Uwanja ule uko juu zaidi ya futi 5,500. Siku ya nyuzi 25 hewa yake ni nyepesi kama ya futi 8,000 hivi. Hapa Mombasa, hata kwenye nyuzi 32, injini huhisi kama iko futi 2,300 tu. Mtoto wa Pwani akivuta usukani pale alipozoea kuvuta, ndege haitaki.

Mwezi wa Ramadhani napanga safari zote asubuhi mapema, maji ya daku yangali mwilini. Alasiri, ndege imechomwa na jua la Port Reitz tangu saa nne, hapana. Wapo wanaoniambia, "Mwalimu, nimezoea." Kufunga amezoea, na Mwenyezi Mungu amtakabalie. Kutua kwenye upepo wa ubavuni akiwa na kiu tangu alfajiri ni jambo jingine. Wenye mtihani mwezi huo tunawasogeza baada ya Idi, na mpaka sasa hakuna aliyepungukiwa na kitu.

Nimeacha la mwisho safari ya kukagua ndege yenyewe, ile inayofanywa baada ya matengenezo au kabla ya kumkabidhi mwenyewe, kwa sababu watu huidharau. Hakuna mwanafunzi, hakuna abiria, ni "kuizungusha kidogo tu". Tarehe 27 Novemba 2008, Airbus A320 iliruka kutoka Perpignan, Ufaransa, kukaguliwa kabla ya kurudishwa kwa wenyewe New Zealand. Siku chache kabla ilikuwa imeoshwa kwa maji bila kuziba vihisi vinavyopima pembe ya mabawa na upepo. Maji yakaingia, yakaganda angani, vihisi 2 kati ya 3 vikakwama. Waongozaji wa ndege hawakuwa na nafasi ya kuwaruhusu mazoezi yote waliyoomba, safari ikafupishwa, na kipengele cha kupunguza mwendo mpaka ulinzi wa kompyuta ujitokeze, kilichopaswa kufanyika juu sana, wakakifanya kwenye futi kama 3,000 huku wakijiandaa kutua. Ulinzi haukujitokeza. Watu wote 7 walikufa. Miaka kumi na miwili kabla, Oktoba 1996, Boeing 757 ilianguka baharini karibu na Lima, Peru, na watu 70, kwa sababu utepe wa gundi uliozibia matundu ya vipimo wakati wa kuoshwa ulisahaulika.

Ndege inayolala kando ya bahari ya chumvi lazima ioshwe mara kwa mara, la sivyo kutu inaila kimyakimya. Kwa hiyo habari za Perpignan na Lima zinatuhusu sisi kuliko watu wa bara. Hapa kwetu fundi anaziba kwa vipande vyekundu vinavyoning'inia, na kwenye daftari anaandika ameweka vingapi na wapi. Baada ya kuosha anaandika vilivyotoka, kisha mwanafunzi anazunguka na daftari lile mkononi na kugusa kila tundu kwa kidole, pamoja na kuchungulia kama nyigu wa udongo hawajajenga humo. Nao ni mafundi, usiku mmoja unawatosha. Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alinung'unika kwamba tunapoteza nusu saa na jua linapanda. Fundi, ambaye hana maneno mengi, alimjibu bila kuinua kichwa kwamba saa ya kulipia haianzi mpaka injini iwake, na akampa daftari.